Mikono ya Karani wa Maji

Alhamisi saa nne asubuhi, watu wa mteremko walikusanyika karibu na josho la ng'ombe, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Timau. Kulikuwa na baridi, na wengi walikuwa wameficha mikono ndani ya makoti. Gitobu, karani wa mradi wa maji, aliketi kwenye benchi la mbele akiwa amevaa sweta mbili, daftari la kumbukumbu magotini. Jambo la kujadiliwa lilikuwa moja.

Watu hawa hawakuwahi kuwa na mfalme. Babu zao waliamua mambo wakiwa wengi, na ilichukua muda. Lakini miaka minne iliyopita Kobia, mwenye mashamba ya ngano na maua, alivishwa kofia ya ngozi ya mbega kwenye harusi ya mwanawe, na mtu mmoja akamwita Mfalme kwa mzaha. Wiki iliyofuata watu wawili walimwita hivyo bila kucheka. Baada ya mwaka mmoja chifu alikuwa akisimama kila Kobia anapoingia. Hakuna aliyekumbuka siku ambayo mzaha uliisha.

Sasa Mfalme alitaka bomba kubwa la chemchemi ligeuzwe, liende kwenye maua yake. Nyumba kumi na moja za chini zingebaki bila maji. Ya kwanza kati ya hizo ilikuwa ya Kananu, mjane, mama yake Mukiri. Nyumba ya Gitobu ilikuwa jirani na ya Kananu, lakini juu kidogo, mahali ambapo maji yangeendelea kufika.

Kanuni ya mradi ilisema kwamba jambo hupita likipigiwa makofi matatu ya kilo, yale mazito ya mpigo mmoja, na watu wote, kwa pamoja. Hata mmoja asipopiga, linarudishwa. Gitobu ndiye aliyeiandika akiwa kijana, baada ya kuwauliza wazee walivyokuwa wakifanya. Mfalme hakuifuta. Alipenda iandikwe kwamba wote walipiga.

Gitobu alikusudia kupiga. Hilo ni lazima lisemwe. Alikuwa amelifikiria kwa siku sita. Binti yake Joyline alifanya kazi ya kufunga maua shambani kwa Mfalme, na tangu mkewe Gitobu afariki, nyumbani walibaki wao wawili tu.

"Makofi ya kilo!" chifu akasema. "Haya, pamoja!"

Mikono ya Gitobu ilikwenda, kisha ikasimama. Viganja vilitazamana vikiwa vimeachana kwa upana wa vidole viwili. Alisukuma. Havikusonga. Hapakuwa na maumivu. Makofi ya wengine yakapita, matatu, yakaisha.

"Karani, hukupiga," alisema Rashid mchinjaji, aliyeketi kando yake.

"Imekataa."

"Nini imekataa?"

"Mikono."

Rashid alisimama, akaishika kwa nje, akaibana kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo. Alijaribu mara mbili. "Ni kweli, imekataa," akawaambia watu, akaketi. Jambo likarudishwa.

Muuguzi wa zahanati alipima nafasi ile kwa rula. Ilikuwa sentimita mbili na nusu. Aliandika kwamba kila mkono, ukiwa peke yake, ni mzima, akampa dawa ya kuchua. Gitobu aliendelea kulima na kukama. Alijifunza kunawa kwa kusugua kiganja kimoja kimoja kwenye goti. Kanisani aliomba viganja vikiwa vimeachana, na wimbo ulipohitaji makofi alitingisha kichwa.

"Karani, na nzi unaua aje?" wanaume wa sokoni walimuuliza.

"Ninamwacha."

Walicheka, lakini siku hizo za kwanza tu. Baadaye hawakumuuliza kitu.

Mfalme alimwita kwake. Alikuwa barazani akinywa chai, kofia ya mbega ikiwa juu ya kiti cha pili, kwa hiyo Gitobu alisimama.

"Mzee Gitobu, una shida na mimi?"

"Hapana, Mkuu. Mimi nilitaka kupiga. Mikono ndiyo haikutaka."

"Sasa mkubwa ni nani, wewe ama mikono?"

Gitobu alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. "Sijui," akasema.

"Basi huyu Joyline akae nyumbani akusaidie kujua. Mikono ikipona, arudi kazini."

Joyline hakulalamika. Alimenya viazi, akafua, akaketi mlangoni. Kila asubuhi, kabla ya chai, alisema, "Baba, jaribu tena." Alijaribu mbele yake ili aone mwenyewe. Joyline aliangalia ile nafasi, kisha akaenda kuchemsha maziwa.

Alhamisi ya pili jambo lilirudishwa tena. Siku hiyo Gitobu alikuwa peke yake kwenye benchi linalotosha watu watano. Rashid alikuwa amehamia upande wa pili, na aliinua mkono kumsalimu kutoka huko.

Alhamisi ya tatu alikuja Mithika seremala, na vipande viwili vya mbao vilivyopigwa randa vizuri. Kila kimoja kilikuwa na unene wa nusu ya ile nafasi, na kilikuwa na mkanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli.

"Nyoosha mikono, mzee," alisema Mithika. "Haitauma."

Gitobu aliwatazama watu. Joyline alikuwa akitazama viatu vyake. Kananu alikuwa nyuma kabisa, ameketi kwenye nyasi, na yeye alikuwa akimtazama Gitobu. Chifu alingoja. Mfalme alingoja. Hakuna aliyemshika Gitobu. Aliinyoosha mwenyewe.

Chifu alitoa ishara, na mbao zikakutana mara tatu. Sauti yake ilikuwa kavu, na ilisikika vizuri kuliko ya viganja vyovyote. Kwa kuwa hakuweza kushika kalamu akiwa nazo, mkutano mzima ulingoja Mithika amfungue. Kisha Gitobu aliandika: Wote walipiga.

Bomba liligeuzwa kesho yake. Jumatatu Joyline alirudi kazini. Kananu alianza kwenda mtoni, mtungi mgongoni, mshipi ukiwa kwenye paji la uso. Alipita kwenye lango la Gitobu asubuhi akienda na karibu saa sita akirudi.

Siku ya nne Gitobu alimngoja langoni saa ya kurudi. "Mama Mukiri, chota kwangu. Mfereji ni huo hapo."

"Asante, Baba Joyline. Huo ni wako."

"Mikono yangu haikupiga. Zilikuwa mbao."

"Nilikuwa huko. Nilisikia."

"Nataka tu ujue."

Kananu aliutua mtungi kwenye ukingo wa barabara, akapumua. "Hebu nione," akasema.

Gitobu alileta viganja pamoja, vikasimama mahali pake. Kananu aliingiza mkono wake katikati, kama mtu anayepima moto wa maji, akautoa.

"Bado," akasema.

"Bado."

Aliurudisha mtungi mgongoni, akaondoka. Gitobu alibaki pale mpaka alipoacha kusikia maji yakigonga ndani ya mtungi.

Mkutano uliofuata ulihusu njia ya kwenda mtoni, ambayo Mfalme alitaka kuizungushia ua. Mithika alifika na gunia. Ndani mlikuwa na jozi tisa za mbao, zaidi ya ile ya Gitobu. Watu walikuwa wamemwendea mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, wakapimwa nafasi kati ya viganja, na kila mmoja alikuwa ameuliza kama yuko mwingine. Mithika hakuwa mtu wa kusema mambo ya wateja. Alipita kati ya watu akizigawa kama vitabu vya nyimbo, na Rashid alipokea yake bila kuinua macho.

Kuufunga mkono wa kwanza ni rahisi. Wa pili ni mgumu, maana ule wa kwanza tayari una ubao. Wote kumi waliuvuta mkanda wa pili kwa meno, vichwa vimeinama. Hakuna aliyemwomba jirani amsaidie.