Yago la Ooko

Kayaki ya Ooko, kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, ilitoka peke yake chini ya maporomoko ya kijito, imepinduka. Kijito hicho cha Nyakach kinashuka mlimani kama ngazi. Mimi nilikuwa nimetangulia na kayaki yangu, nikamngoja bure.

Wiki nzima tumetafuta. Leo nimefika kwao kuchukua kamba, nikamkuta mama yake kando ya kaburi lililochimbwa, amepakata yago, tunda refu ambalo Wajaluo hulizika mwili usipopatikana.

"Mama, tupa hiyo kitu! Bado natafuta!"

"Wepukhulu, ulimwona akitoka majini?"

"Hapana."

Alivua leso yake, akalifunika tunda taratibu, kama anayeogopa kuliamsha.

"Basi njoo. Wewe shika upande wa miguu."

Nikashika.