Uvimbe Uliozimika Kwenye Kioo

Uvumi ule ulimkaa Mukarugwiza kama mwiba wa samaki kooni: eti iko sindano ya mapovu, ukichomwa, uvimbe unazimika. Aliuleta Akoth, Mkenya anayeuza vitenge karibu na njia panda ya Sonatubes, Kigali, siku alipokuja kuchukua gauni alilomshonea.

"Dada, shemeji ya jirani yangu alichomwa. Kwa kioo cha mashine wakaona unawaka, mara ukazimika kabisa. Leo anabeba ndoo mbili."

Natacha, binti wa Mukarugwiza, miaka ishirini na sita, alikuwa na uvimbe kwenye ini. Lisemwalo lipo, mama akajiambia. Basi Daktari Sibomana alipotaja kipimo cha picha chenye dawa ya mapovu madogo, yeye ndiye aliyetangulia mlangoni.

Daktari alieleza kwamba mapovu hayatibu, yanafuata damu tu ili ionekane inavyopita. Mukarugwiza aliitika "ndiyo, daktari" mara tatu, lakini akili yake yote ilikuwa kwenye kioo. Natacha akachomwa mkononi. Uvimbe ukawaka kama kaa la jiko la imbabura lililopulizwa. Hazikupita dakika mbili ukafifia, ukawa tundu jeusi, huku ini lote likibaki na mwanga.

"Mungu ashukuriwe," mama akanong'ona.

"Rudini Alhamisi, mama," daktari alisema. "Nataka kuchukua kipande kidogo cha nyama ya uvimbe tukipime."

Hawakurudi. Simu ya hospitali ilipolia, aliigeuza kifudifudi kwenye meza ya cherehani.

"Mama, si alisema turudi?"

"Wakate nini, na umekwisha kuzimika? Wewe ulikuwa umelala, mimi ndiye niliyeona. Kula, unenepe, wasije wakakuposa kwa mbuzi badala ya ng'ombe."

Natacha akacheka. Alizoea kumwamini.

Miezi mitano baadaye macho yake yakawa manjano, tumbo likajaa maji. Safari hii daktari alisema polepole, ameshika karatasi ya kipimo cha siku ile.

"Uvimbe usio na ubaya mara nyingi hubaki na mwanga, mama. Huu ulizimika. Kule kuzimika ndiko kulikonitia hofu."

"Na tungerudi ile Alhamisi?"

"Ulikuwa mmoja, mdogo. Tungejaribu kuukata." Akaikunja ile karatasi.

Sasa Natacha amelala chumba cha mbele, dawa anayopewa ni ya maumivu tu. Akoth alileta uji.

"Yule shemeji anaendeleaje?" Mukarugwiza akamuuliza.

"Sijui, dada. Sijawahi kumwona. Mimi niliambiwa tu."

Kando ya cherehani Mukarugwiza amebandika karatasi, wateja waisome wakisubiri kupimwa:

Usidhani sindano ya kupima ni ya kutibu.
Usisome kioo cha daktari kwa macho yako.
Usiitikie ndiyo kwa jambo ambalo hujaelewa. Uliza tena, hata akichoka.
Usigeuze simu ya hospitali.
Usishike neno la mtu aliyeambiwa tu.
Mtoto akikukumbusha siku ya kurudi, usimnyamazishe.