Taa ya Matanga

Uwimana hakulia. Mumewe Pasikali tulimzika, na hadi jioni ya pili ya matanga mjane yule alikuwa amekaa mkekani macho makavu, akijibu "ndiyo" kwa kila neno, hata alipoulizwa kama anataka chai au uji. Ndugu wa mume wakaanza kunong'ona kwamba huenda anajua kilichomuua. Mimi Kudra, mama Saady, jirani yake, duka langu na lake ni ukuta mmoja, niliwasikia nikapandwa na hasira. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Shemeji yake, Makarius, alikuwa amekodi jenereta na taa kubwa kutoka Kasulu, akaitundika juu ya turubai. Msiba wenye giza ni aibu ya ukoo. Jioni ile mvua ilinyesha, ikakatika, kisha ukungu ukashuka hadi migomba ya uani hatukuiona tena. Ndipo ndege wakaanza kuanguka.

Walikuwa wadogo, rangi ya majani makavu. Walizunguka taa wakilia, wakajigonga kwenye turubai, mmoja akadondokea kwenye sufuria ya maharage.

"Ni marehemu!" mama mmoja akapiga kelele. "Amekuja kumdai mkewe machozi!"

Shingo zote zikamgeukia Uwimana.

Kazi ya Pasikali ilikuwa kuwapeleka wageni wenye darubini kutazama ndege, kwa hiyo mimi na Uwimana tulijua sababu. Hao husafiri usiku, wakitoka nchi za baridi, na nyota ndizo huwaonyesha njia. Ukungu ukizificha, hufuata taa yoyote, wakiizunguka mpaka wafe kwa kuchoka. Kila Novemba alimwomba mkewe azime taa ya duka usiku wa ukungu. Uwimana alimjibu, "Na wezi je, nao utawaambia wafuate nyota?" Tulikuwa tunacheka sote watatu, na taa ikabaki inawaka.

Uwimana akainuka taratibu, kama mtu aliyetumwa chumvi. Akapita katikati ya watu hadi kwenye jenereta, akaizima.

"Shemeji!" Makarius akafoka. "Unamweka kaka gizani?"

 Gizani tukasikia vilio vidogovidogo vikipanda juu ya paa, vikielekea kusini, hadi vikaisha.

Akarudi kwa kupapasa, akaketi karibu yangu. "Aliniomba hilo tu," akasema. "Kila mwaka, mama Saady. Kitu kidogo hivyo."

Kisha bega langu likalowa. Alilia bila sauti, na machozi waliyokuwa wakiyasubiri ndugu wa mume hakuna aliyeyaona.

"Niwashe sasa?" Makarius akauliza.

"Subiri," nikamwambia. "Ukungu bado haujaondoka."