Ngoro za Mchangani

Siku zile Vitalia alikuwa akiota mlima hata akiwa macho. Ameketi uani kwa binti yake Luisa, Mbamba Bay, anachambua mchele, mara miguu yake inakanyaga nyasi zenye umande kule juu Mbinga, ukungu unapanda kutoka bondeni, na wanawake asiowaona wanaitana ndani ya ukungu huku wakilima. Akizinduka anakuta mchele umemwagika na kuku wanajilia bila wasiwasi.

Mwili ndio uliokuwa umeteremshwa ziwani. Mwenyewe alikataa kushuka. Magoti yalikuwa yamevimba, daktari akamkataza miinuko, na mwanawe Isidori akamleta kwa dada yake kabla mvua hazijaanza. Luisa alimpa chumba chenye dirisha linalotazama ziwa. Vitalia alishukuru sana, kisha akageuza kitanda ili alale ameyapa maji mgongo.

Msimwone mkorofi. Kule juu alikuwa mtu. Wamatengo, watu wa Mbinga, hulima ngoro: wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza mteremkoni kwa miraba, kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Mlima mzima unabaki na mashimo yaliyojipanga, na maji ya mvua yanatulia humo badala ya kukimbia na udongo. Maharage hupandwa kwenye matuta yanayozunguka mashimo. Katika shamba la ukoo wao, jembe la kwanza lilikuwa la Vitalia. Yeye akishachimba mstari wake, wengine ndipo humfuata. Aliianza kazi hiyo akiwa bibi harusi mwembamba, akaifanya na mtoto mgongoni, akaifanya hata mwaka aliomzika mumewe. Kila umri ulimkuta na jembe mkononi, kwa hiyo hakuwahi kujiuliza yeye ni nani bila jembe.

Ndipo Katarina, mke wa Isidori, akapiga simu. Nyasi zimekwisha kulazwa, alisema, wanawake wako tayari, na mvua zinaelekea kukatika. Aanze, au amsubiri mama? Aliuliza kwa adabu, na adabu ile ilimchoma Vitalia kuliko matusi.

"Nisubirini," alijibu. "Nakuja."

Akakata simu, akabaki ameitazama. Maharage yakichelewa yatakosa unyevu, na mwaka huo mjukuu wake kule juu atakula ugali na chumvi. Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Pia alijua kwamba magoti hayajapona. Lakini moyo haukukubali kushindwa kabla ya kujaribu, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo watu wa Mbamba Bay wanalisimulia hadi leo.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja cha mchanga, tambarare kabisa. Eunice, mama wa mume wa Luisa, alikuwa amekitenga apande mihogo. Asubuhi Vitalia aliingia humo na jembe lake, lile aliloshuka nalo kutoka mlimani. Alifyeka nyasi mwenyewe, akazilaza kwa miraba, akachimba. Aliposhindwa kusimama alichimba akiwa amekaa, akijivuta kwa makalio kutoka shimo hadi shimo. Hadi jua linakuwa kali, ngoro safi zilikuwa zimejipanga pale, zimenyooka, za kupendeza, pembeni mwa ziwa.

Eunice alitoka kugeuza usipa wake, dagaa wa ziwa lile, kwenye kichanja, akasimama akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa upole zile ni za kuzuia nini. Vitalia alimweleza kwamba zinazuia udongo usiteremke.

"Uteremke uende wapi, mama Luisa?" Eunice aliuliza.

Vitalia alilipangusa jembe lake mchanga. Jioni alifunga nguo zake kwenye kitenge, tayari kwa haisi ya asubuhi ya kwenda Mbinga.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Alipotoka asubuhi, matuta yalikuwa yameyeyuka, mashimo yameungana, na kiwanja kizima kimekuwa dimbwi. Bata wa jirani walikuwa wakiogelea juu ya kazi yake. Alichutama aokoe tuta moja tu, walau moja, na alipotaka kuinuka magoti yakakataa. Alikaa pale matopeni akalia. Alilia kwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu: kwamba akiliachia jembe atabaki bibi tu wa kuwekewa kiti kivulini, na ndani ya bibi huyo hatakuwemo mtu.

Eunice alimkuta hapo. Safari hii hakutania. Alimshika kwapani, akamwinua, akasema waende wakaoge, kwa sababu haisi haipakii matope.

Walikwenda pale kwenye mawe wanapooga wanawake. Tangu ashuke, Vitalia alikuwa hajaligusa ziwa ila kwenye ndoo. Aliingia akiwa amemng'ang'ania mwenzake, maji yakafika magotini, kiunoni, kifuani, na hapo akashtuka. Magoti hayakuwepo. Aliyatafuta kwa mikono akayakuta, lakini maumivu hayakuwemo, wala uzito. Maji yalimbeba kama alivyowahi kuwabeba wanawe. Akalegea, akafumba macho, na wale wote aliowahi kuwa wakaja wakaoga pamoja naye: yule msichana, yule bibi harusi, yule mama, yule mjane. Hakuna aliyeshika jembe. Wote walikuwa yeye, na walikuwa wakicheka.

Alipofumbua macho alikuwa ameelekea nchi kavu. Nyuma ya mapaa ya Mbamba Bay milima ilikuwa imesimama, bluu, mizima, mawingu yakiivuka polepole. Miaka yote hiyo alikuwa ameuona mlima kwa karibu mno, nyasi na udongo na vidole vyake mwenyewe. Hakujua kama ni mzuri hivi. Alijisikia furaha, akaona haya kidogo kwa kuwa na furaha.

"Mimi nilikuwa nikibeba beseni za usipa kichwani hadi sokoni," Eunice alisema. "Shingo ilipokataa niliona nimekufa. Kesho yake nikasikia njaa."

Vitalia alicheka hadi akanywa maji. Kisha akamwomba simu. Eunice aliitoa kwenye nguo zake juu ya jiwe, akampigia Katarina, akarudi majini akimshikilia simu sikioni ili isilowe.

"Anza, mwanangu," Vitalia alisema. "Anza leo hii. Jembe langu nalituma kwa haisi."

Katarina akauliza, kwa sauti ya mtu anayezuia kilio, kama mama yu mzima, na kama yuko nyumbani, maana anasikia maji.

"Mzima, mwanangu. Nimo humo humo majini," Vitalia alisema.