Kipimo cha Mtu Anayepumua

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na magoti yake yaligoma. Daktari alimkataza kuinama, na fundi asiyeinama atapimaje urefu wa suruali? Akaanza kutaja habari za kufunga duka, kwa ile sauti ya mzaha anayoitumia akitaka kulia. Nikasema hilo halitatokea nikiwa hai. Kazi yangu ni kuunda mashine zinazotumia kamera, basi nikamuundia moja ya kupimia watu.

Niliionea fahari, sifichi. Mteja anasimama kwenye alama za nyayo nilizochora sakafuni, sauti ya kike inamwambia, "Simama wima. Tatu, mbili, moja," taa ya kijani inawaka, na vipimo kumi na vinne vinajipanga kwenye skrini kubwa. Niliijaribu mara mia mbili kwa ile sanamu ya kuvalishia nguo. Haikukosea hata robo inchi.

Wateja wa kwanza wa mashine walikuwa wauguzi wa hospitali ya jirani, ishirini na wanne, wanaotaka sare mpya. Matroni wao, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alisema ashonewe yeye kwanza, wengine waone. Akapanda kwenye nyayo. Skrini ikaandika kiuno chake kwa tarakimu kubwa kama kiganja, na nyuma yake muuguzi mmoja akakohoa kikohozi kisicho cha mafua.

Gauni likashonwa vilevile skrini ilivyosema. Matroni alipokuja kulijaribu, alitoka nyuma ya pazia kwa hatua fupifupi.

"Nikisimama halina neno," alisema.

"Na ukikaa?" shangazi akauliza.

Akakaa. Kifungo kikafyatuka, kikagonga skrini yangu.

"Fundi, tumetoka mbali mimi na wewe," Matroni alisema akishikilia tumbo. "Lakini hii nguo ni ya kazi. Nitarudi Ijumaa unipime tena. Likinibana la pili, nawapeleka wote kwa fundi mwingine."

Bila wauguzi wale duka lingefungwa, sote watatu tulilijua hilo. Alipotoka tu nikawaka.

"Mashine haijakosea! Huyu mama amenenepa!"

"Kwa siku tano?" Shangazi alikuwa anacheka. "Hebu panda wewe, Injinia."

Nikapanda. Tatu, mbili, moja, taa ikawaka.

"Sasa pumua," akasema.

Nikashusha pumzi, na tumbo langu likashuka nalo. Nilikuwa nimelivuta ndani na kutoa kifua kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, mimi niliyeiunda mashine yenyewe! Sanamu yangu haikuwahi kuvuta tumbo, ndiyo maana haikuniambia kitu.

"Miaka thelathini na moja sijamwambia mtu nampima kiuno," shangazi alisema. "Namchokoza kwa maneno. Akicheka, mwili unarudi mahali pake, hapo ndipo nakaza futi."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Nikashuka kwenye zile nyayo.

"Nilidhani mashine haihitaji porojo zangu," akaongeza taratibu. "Nikajua basi, zamu yangu imekwisha."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Jioni hiyohiyo nilizima sauti, nikang'oa taa, nikasugua nyayo zote sakafuni. Skrini nikaigeuzia upande wa kiti cha shangazi, asome yeye peke yake. Kisha nikamtengenezea kitufe kidogo cha kushika mkononi, achukue kipimo pale atakapoona yeye.

Ijumaa Matroni akaja, uso umekunjwa.

"Nisimame wapi?"

"Popote hapo," shangazi akamjibu kutoka kitini. "Ehe, yule mgonjwa wako bondia aliyekimbia sindano, mlimpata?"

"Tulimkuta kabatini!" Matroni akapasuka kwa kicheko. "Jitu zima, limejifunika mashuka, linaniambia, 'Sista, mwambie daktari nimeshapona'!" Alicheka mpaka akajifuta machozi, halafu akakumbuka kilichomleta. "Haya, mashine inaanza saa ngapi?"

"Imeshamaliza."

Gauni la pili alilivaa Jumatatu. Alikaa, akainama, akachuchumaa, akanyanyua mikono kana kwamba anatundika dripu. Vifungo vyote vilitulia. Akafungua mlango na kuwaita wauguzi wake waingie, na mimi nikarukaruka mle dukani bila haya.

Shangazi alikuwa uani akinywa maji. Nikaona kubonyeza kitufe kutanishinda nini? Nikakaa kwenye kiti chake, muuguzi wa kwanza akasimama mbele yangu.

"Habari za kazi?" nikamuuliza.

"Nzuri." Tumbo limeingia ndani, mabega juu.

"Na... nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo." Amekakamaa kuliko sanamu.

Nikatafuta mzaha, sikuupata hata mmoja. Muuguzi alikuwa ameanza kuwa mwekundu machoni kwa kubana pumzi. Nikaweka kitufe mezani.

"Shangazi!" niliita. "Njoo, mimi siwezi!"

Alikuja akichechemea, mkono mmoja ukutani, na tangu magoti yale yagome sikuwahi kumwona akitembea haraka namna ile.