Heljä Ameajiriwa

Marjut alipanda ngazi polepole, magoti yakimuuma, na nyuma yake alikuja Heljä. Miaka mingi nyuma Marjut ndiye aliyemtoa mtoto wa Heljä nyumbani kwao. Leo Heljä ni mwenzake kazini. Wakubwa wa ustawi wa jamii hapo Kajaani, mji wa Finland, wameamua: siku hizi mfanyakazi haiamulii familia, anakaa nayo chini, na pembeni yake anakaa mzazi aliyekwisha kupitia hayo. Haya bwana. Marjut hakuwa na ubishi, alikuwa amechoka tu.

Jonna, mama waliyemjia, aliwafungulia, uso umemvimba kwa pombe ya jana. Mwanawe Eelis, wa miaka minne, alikuwa mbele ya televisheni anatafuna mkate mkavu. Kahawa ilimiminwa, nusu kikombeni, nusu mezani.

"Nafasi ya matibabu ya pombe imepatikana," Marjut alisema. "Ukikubali Eelis akae kwa walezi, ukitoka anarudi kwako. Ukikataa, shauri linaenda mahakamani, na huko mimi sina sauti."

"Yaani naamua mwenyewe, ila mmeshaamua," Jonna alisema. "Nyie watu mnajua kutuzunguka."

Ilikuwa kweli, na Marjut alilijua hilo.

Jonna akamgeukia Heljä. "Na wewe, dada, wako alichukuliwa?"

"Alichukuliwa. Nilikataa katakata, nikarusha na sufuria. Polisi wakambeba analia, hana hata soksi."

"Nani alimchukua?"

Heljä akaelekeza kidevu kwa Marjut. "Huyu hapa. Asubuhi ndiye ananipa lifti."

Jonna akaguna, karibu acheke. Kisha akauliza, "Na alikosea?"

Marjut akainamia kikombe chake. Swali hilo hakuwahi kuthubutu kuliuliza mwenyewe, na sasa lilikuwa limebeba na mtoto wa watu: Heljä akisema ndiyo, Jonna atakataa, na polisi watapanda ngazi zilezile. Aliogopa, kwa kweli aliogopa sana.

Heljä alisukuma kikombe chake pembeni.

"Hakukosea," alisema. "Yule mtoto angenifia mikononi. Najijua. Na bado sijamsamehe."

Jonna aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akainuka na kuzima televisheni.

"Njoo, baba," alimwambia mwanawe. "Tukachague nguo zako, mimi na wewe. Chukua za kukutosha siku nyingi."