Jogoo wa Shangazi Agripina

Diwani Mughwai aliomba kura kwa ahadi ambayo mwanasiasa mwenye akili timamu haitoi: kila akitoka safari ya kikazi, atayasoma madai yake ya gharama hadharani kabla hayajaenda halmashauri. Watu wa Mtakuja, kijiji cha nje kidogo ya Mkiwa, walimpa kura kwa hilo tu, maana kwa sura asingepita.

Leo alisimama mbele yao kwenye uwanja wa kijiji, akakohoa, akasoma. "Semina ya madiwani, Singida mjini. Nauli ya basi, kwenda na kurudi. Malazi, nyumba ya wageni, usiku mmoja."

Hapo kwenye malazi sauti ilififia kama redio inayoishiwa betri. Nyumba ya wageni hakuiona hata mlango. Alilala mtaa wa Utemini, hapo hapo mjini, kwa shangazi yake Agripina, akala wali kwa kuku mpaka mkanda ukaomba msamaha, kisha alfajiri akanyata na kuondoka asije akaonekana na diwani mwenzake. Risiti alikatiwa na rafiki.

"Kuna swali?" aliuliza haraka, akiomba lisiwepo.

Badala ya swali ikaja bodaboda. Juu yake shangazi Agripina mwenyewe, kitenge kipya, jogoo mwekundu kwapani.

Mughwai alihisi jasho likishuka mpaka kwenye soksi. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hivi wewe ni mtu wa namna gani? Mgeni akilala kwangu haondoki mikono mitupu. Naamka nikufungie jogoo, kitanda kitupu! Unanitoroka kama mwizi wa kuku, na kuku mwenyewe nilikuwa nakupa bure? Unataka majirani waniite mchoyo?"

Mzee Festo, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, hiyo nyumba ya wageni siku hizi wanagawa na majogoo?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mughwai aliona upenyo mmoja tu: aseme shangazi kazeeka, kachanganya siku. Akamtazama. Huyu ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa kuuza mafuta ya alizeti. Leo amfanye mwongo mbele za watu, kisa kitanda cha wageni ambacho hakukilalia?

"Nililala kwa shangazi," alisema. "Godoro lake, shuka lake, kuku wake. Malazi nayafuta, na risiti hii ni ya uongo." Akaichana. "Mkitaka kuninyima kura, ninyimeni. Lakini shangazi yangu hajakosea neno."

Kina mama wakapiga vigelegele hadi jogoo akaitikia.

"Kura yangu unayo," alisema mzee Festo akifuta machozi ya kicheko. "Ila na huyo jogoo atangazwe!"

"Namtangaza. Ni zawadi. Shangazi, nipe na risiti yake."

Shangazi Agripina alimkabidhi jogoo, akamshika Mughwai sikio, akalivuta mbele ya kijiji kizima.

"Risiti yako hiyo, baba. Usiipoteze."